Yaya, Unifungulie

Ujumbe ulinifika nikiwa kazini hospitalini, Flemingsberg, kusini mwa Stockholm. Simu ikatetemeka mara moja tu ndani ya mfuko wa sare. "Yaya ametutoka." Aliyeandika ni Neema, binti niliyemjua tangu akifungwa kamba za viatu. Nikaingia chooni, nikafungua bomba, nikalia vile watu wazima wanavyolia kazini. Jioni mchungaji wao akanipigia. Ni Mrundi, mpole, mtu wa kuomba radhi kabla hajakosa, na alikuwa anapanga nani atasema siku ya mazishi. "Samahani sana, dada Rehema," akaanza, "watu wananitajia jina lako, ila sijui nikuweke wapi. Wewe ulikuwa nani wake marehemu?" Mpangaji wake? Nilikaa kwake miezi michache tu, na tangu hapo maisha mazima yamepita. Ndugu? Yeye mtu wa Bukavu, mimi mtu wa Tanga, yeye mlokole, mimi nimekua na juzuu mkononi. Mfasiri wa marehemu mdogo wake? Hapo uso ukaniwaka moto, nimesimama peke yangu jikoni kwangu, hakuna anayeniona. Nikamwambia mchungaji nitampigia kesho.

Ilikuwa majira ya baridi ya kuingia elfu mbili na kumi, baridi ambayo hata Waswidi wenyewe waliilalamikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimekuja kusomea uuguzi, na mzigo pekee ulionijaza kiburi ulikuwa Kiswahili changu. Msicheke. Mtu wa Tanga akifika ugenini akamsikia Mkongo anasema "batoto banakuya", Mkenya anasema "mtoto yangu", na Mganda ndiyo kabisa, analitafuta neno kama anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake, basi anajiona yeye ndiye mwenye duka na wengine wote wateja. Nilikuwa nasahihisha watu, jamani. Harusini, nasahihisha. Kwenye foleni ya chakula kanisani, mahali ambapo hata si kwangu na nilikuwa nimefuata wali tu, nasahihisha. Kuna Mkenya mmoja aliniambia, "We dada, hapa si mtihani," nikamcheka usoni. Leo nikilikumbuka cheko lile natamani nijifunike shuka.

Chumba nilikipata kwa Mama Feza, Sundbyberg, ghorofa ya pili, dakika chache kutoka kituo cha treni. Jikoni kulikuwa na meza ndefu ya mbao yenye alama za visu, dirishani maua ya kwenye vyungu kama kwa kila bibi wa Kiswidi, na chini ya dirisha ndoo ya unga wa muhogo. Harufu ya nyumba ile ilikuwa sombe, yaani kisamvu, na kahawa, sombe juu ya jiko tangu asubuhi na kahawa isiyokatika. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeletwa Stockholm na wamisionari akiwa msichana ili asomee ukunga na hakurudi tena. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya masista, Kiswidi chake cha wodini, na Kiswahili chake kile cha Bukavu ambacho mimi nilikisikiliza huku nimekunja pua. Naye alinitania hivyo hivyo. "Weye unasema sawa redio," aliniambia siku ya kwanza. "Mutu anangoja useme sasa ni saa mbili kamili."

Jambo moja lilitukosanisha mapema. Siku ile ile ya kwanza, nilipoingia na sanduku langu, niligeuza ufunguo wa mlango nyuma yangu, kama mtu yeyote angefanya mjini. Alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Nani amefunga? Mulango yangu haifungwaka!" Nikadhani mzaha. Haukuwa mzaha. Kuanzia alfajiri hadi watu wanapolala, mlango wa Mama Feza ulirudishwa tu, haukutiwa ufunguo, na jirani Mswidi aliyekuja kumwonya kuhusu wezi alikalishwa akapewa kahawa. Nikasema moyoni, hayo ni mazoea ya watu wa milimani, wanadhani dunia yote ni kwao. Nilikuwa hodari sana wa kuwaeleza watu moyoni mwangu bila kuwauliza.

Basi asubuhi mlango ule usiofungwa ulipitisha watoto. Mama zao walikuwa wanafagia maofisi Kista au wanabadilisha mashuka hospitalini, nao walimwachia yeye wakiwa bado na usingizi. "Yaya, tumefika!" walipaza sauti kutoka ngazini. Mama zao nao, "Yaya, tunakuachia huyu, ana mafua." Hata mchungaji wa wakati ule, mtu mzima, "Yaya, bwana asifiwe." Mimi nikajumlisha. Kwetu yaya ni nani? Ni mlezi wa watoto wa watu, mtumishi wa ndani, anayelala chumba cha nyuma. Nikaona aibu kwa niaba yake! Mkunga mzima, ameota na mvi, anaitwa kwa kazi ya kupangusa watoto makamasi, na anaitikia. Nikaapa mimi sitamvunjia heshima. Nilimwita Mama Feza, tena kwa kuinama kidogo, na watoto nikawakemea: "Nyie hamna adabu? Mwiteni Bibi." Neema, ambaye ndiye alikuwa mdomo wa wote, akanijibu kwa Kiswidi kwamba huyu jina lake ni Yaya na ndivyo ilivyo. Mama Feza akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Bibi? Bibi ya nani? Bwana yangu alikufaka zamani, unataka kuniozesha?" Kwao bibi ni mke. Mimi hilo nalo nilikuwa silijui, nikadhani anacheka kwa kuwa amefurahi. Lakini niliona, baada ya kicheko, alinitazama kidogo vibaya, kama mwenye kuumwa mahali, akarudi kwenye sufuria lake.

Mwezi wa pili, au wa tatu, walikuja wageni wawili. Mmoja mzee, Gunnar, mpiga ngoma wa jazi aliyestaafu, vidole vimepinda. Wa pili kijana mwenye miwani, Jonas, aliyekuwa na kampuni ndogo ya kutoa upya santuri za zamani. Walikuwa wanataka kutoa tena santuri moja ya muziki wa filamu, ambayo wapenzi wa jazi wa Sweden wanaiita "ile ya kijivu" kwa ajili ya jalada lake. Mpiga tarumbeta wa santuri ile alikuwa Deo, mdogo wake Mama Feza, aliyemfuata Stockholm miaka ya sitini na kufia Copenhagen kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa nimeona picha yake sebuleni, kijana mwembamba mwenye tai, sikujua kama kuna watu wazima na ndevu zao wanaomlilia. Mama Feza akawakaribisha kwa bugali na sombe na ndakala, dagaa wa kwao. Jonas alikula kwa uma, kwa woga. Gunnar akanawa mikono, akamega kwa vidole vile vilivyopinda, akasema alifundishwa na Deo.

Naye ndiye aliyetusimulia. Mwongozaji wa filamu hakutaka noti zilizoandikwa. Aliwaweka wanamuziki watano kwenye ukumbi wa kukodi, hapo hapo Sundbyberg, Jumapili moja mchana, akatundika shuka ukutani, akawaonyesha filamu bila sauti na kuwaambia wapige wanachokiona. Kuna sehemu ambapo mwanamume anavuka bandari iliyoganda, anafika kwenye nyumba, anagonga mlango, haufunguliwi. "Deo alifika siku ile na viatu vimelowa," Gunnar alisema kwa Kiswidi chake cha polepole. "Alipiga vizuri kuliko sisi sote. Tulipofika pale mlangoni akashusha tarumbeta. Akasema maneno, kwa lugha yenu. Akayasema kwa lile shuka. Fundi wa sauti alitaka turudie, mwongozaji akakataa, akasema hilo libaki." Lilibaki. Nyuma ya jalada la zamani mtu aliandika kwamba Mwafrika huyu ananuiza maneno ya mizimu, na kwa miaka arobaini watu wakawa wanaamini wanasikiliza uganga. "Nilimuuliza alisema nini," Gunnar akaendelea. "Akaniambia, hakuna, nilikuwa naongea na nyumbani."

Mama Feza alikuwa amewapa mgongo, yuko jikoni kwenye moto. Aliwasha feni ya moshi, ikanguruma. Jonas akapandisha sauti kumuuliza kama anaweza kuyasikiliza yale maneno na kuwaambia maana, kwa kuwa safari hii wanataka kuandika kijitabu cha heshima, kisa chote cha santuri, na yeye ndiye ndugu pekee aliyebaki. Hakugeuka. Akasema hajawahi kuisikiliza na hataisikiliza, kanisani walisema filamu ile ni ya uchafu. Kisha akanielekeza kwa mwiko. "Huyu eko na masomo. Kiswahili yake ni ya kitabu. Yeye afanye." Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini hata wakati huo hakutugeukia. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba hatimaye mtu ametambua nani mwenye lugha hapa.

Nilisikiliza chumbani kwangu, vipokea sauti masikioni. Sijui kueleza muziki. Tarumbeta inatembea polepole, ngoma zinafuata kwa mbali, halafu kimya, halafu sauti ya kijana, karibu sana, imekauka kwa baridi: "Yaya. Yaya, unifungulie. Inje kuko baridi." Basi. Hakuna zaidi. Papo hapo kichwa changu cha mwalimu kikaanza kazi. Yaya! Kumbe. Kumbe huyu mama si dada yake. Alikuwa mlezi wake! Msichana wa kazi wa nyumba yao, aliyembeba utotoni, na baada ya wenye nyumba kufa akajipa udada, na ndiyo sababu hataki kuisikiliza, anaogopa siri itoke. Hesabu ilikubali kila upande. Nikamhurumia, na huruma yenyewe ilikuwa tamu, ile huruma ya kujua jambo la mtu. Nikaandika kwa Kiswidi: *Barnflicka, öppna för mig. Det är kallt ute.* Barnflicka, yaani msichana wa kulea watoto.

Jonas hakuwa mjinga. Tulikutana Kista, kwenye mgahawa ndani ya lile duka kubwa, akauliza, "Lakini yule mama si dada yake? Isije ikawa anamwita dada?" Hapo ndipo. Mara ngapi nimelala nikalirudia lile swali, nikalijibu vingine. Ningesema, ngoja nimuulize. Maneno mawili tu. Badala yake nilikunywa kahawa yangu, nikaweka kikombe chini, nikatabasamu kama balozi, nikasema: "Unajua, kwetu Afrika undugu ni mpana. Kila mtu ni dada. Yaya ni mtumishi. Ila tafadhali usimuulize mwenyewe, ni jambo nyeti." Akaandika. Akanishukuru kwa busara yangu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi methali hiyo nilikuwa naijua tangu darasa la tatu, naiandika kwa mwandiko mzuri.

Uzinduzi ulifanyika mchana wa Jumamosi, katika ukumbi mdogo mjini, viti vya kukunja, theluji inayeyuka chini ya viatu vya watu. Mama Feza alikuwa amevaa liputa lake, kitenge cha kijani, na kilemba, ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini. Aliniambia atatoka wakianza kupiga muziki, ila maneno juu ya mdogo wake atayasikia, na picha yake iliyowekwa ukutani ataitazama. Mimi nilikaa pembeni yake, jina langu limo kwenye kijitabu, *Översättning: Rehema*, yaani tafsiri ni ya Rehema, nimeshalisoma hata sijui mara ngapi. Akasimama mwigizaji mmoja wa jukwaani, sauti nzito ya kupendeza, akasoma kisa. Jonas alikuwa amelichukua neno langu moja akalijengea nyumba nzima: mtoto wa nyumba kubwa ya Bukavu, watumishi, na mmoja wao, msichana wa kulea, ambaye jina lake historia haikulihifadhi, lakini ambaye mpiga tarumbeta alimlilia katikati ya barafu ya Stockholm. Na yuko nasi leo, akaongeza, tena bila kumtaja jina, yule mama mwema aliyemtumikia. Watu wakanyoosha shingo, wakampigia makofi. Makofi ya upole, ya kumpongeza mtumishi mwaminifu. Halafu mwigizaji akashusha sauti: "Barnflicka, öppna för mig. Det är kallt ute."

Niliusikia mkoba unaanguka. Nilidhani amekasirika kwa siri kutoka, na, Mungu anione, nilijiandaa kumfariji. Aliponigeukia hakukuwa na hasira usoni. Kulikuwa na kitu cha mtu aliyeitwa jina lake barabarani na sauti asiyoitegemea. Akasimama. Akatoka katikati ya makofi, mrefu vile, kilemba kikipita mbele ya picha, na watu wakapisha miguu wakidhani amezidiwa na furaha. Nilimkuta kwenye chumba cha makoti, anashindana na mkono wa koti lake, hauingii. Nyuma ya ukuta tarumbeta ikaanza. Nilitaka ardhi ipasuke, ingawa nilikuwa bado hata sijajua nimefanya nini.

Tulipofika nyumbani aliketi mezani na koti lake, akauliza, taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa: "Juu ya nini ulisema mimi nilikuwa boyi ya Deo?" Boyi, kwao, ni mtumishi wa ndani. Nikaanza maelezo yangu. Nikasema, Mama Feza, si mimi, ni yeye mwenyewe marehemu, amesema yaya, na yaya ni mlezi, na hata watoto hapa wanakuita hivyo kwa sababu unawalea. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Rehema," akasema, "yaya ni mukubwa. Yaya ni dada mukubwa ao kaka mukubwa. Mutu mwenye alikutangulia mu tumbo ya mama yako. Mimi nilibeba Deo mu mugongo, mimi yaya yake. Na hawa bantu bote banaitaka mimi Yaya, ni heshima. Ni heshima, mutoto." Kidogo kidogo uso ukamfunguka kwa jambo jingine. "Kumbe. Kumbe ni hiyo. Mwezi kwa mwezi uko mu nyumba yangu na hauniite Yaya hata siku moja. Nilizani hautaki undugu na miye. Nilizani unaona sisi Bakongo ni bantu ya bure." Akacheka. Alicheka kweli, akajipiga paja, na katikati ya kicheko kikageuka, akalia, kilemba kikalala juu ya meza.

Mimi nililia pia, lakini kilio changu kilikuwa cha kujionea haya, na ningekaa nacho mpaka leo kama asingenipa chake. Aliniambia Jumatatu alfajiri, tunachambua majani ya sombe. Jumapili moja, akiwa mkunga mpya, alikuwa amewaalika wamama wa kanisa, wale waliomlipia masomo, kahawa na keki saba za aina saba kama wanavyotaka wao. Deo akaja. Alikuwa amelewa, na tarumbeta yake kwapani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Akainama kwenye tundu la barua, akaita: Yaya, unifungulie, inje kuko baridi. Wamama wakakaa na vikombe hewani. Mmoja akauliza, anasema nini? "Na miye," alisema, "miye mukubwa wake, nikajibu mu Kiswidi ya muzuri: sijui. Hii si luga yangu." Deo aliita tena. Halafu wakasikia viatu vinashuka ngazi. Haikupita muda akaenda kupiga muziki wa ile filamu, na baada ya hapo Copenhagen, na kwenye simu walisemezana habari za mama yao tu. Jumapili ile hawakuigusa. "Miaka yote bananiambia mu santuri mule Deo anasema maneno. Nilijua. Moyo ilijua ni gani. Nikasema kama sisikie, basi hakusema."

Nikamuuliza kama anataka kuyasikia sasa. Alipangusa mikono kwenye aproni muda mrefu. Nikaleta kile kiredio cha jikoni chenye kuchezesha diski, nikaweka, nikasogea dirishani nimpe nafasi. Tarumbeta ikatembea. Kimya. "Yaya. Yaya, unifungulie. Inje kuko baridi." Hakulia. Alisema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya mwisho midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na sauti ya mdogo wake. Halafu akasema zima, batoto banakuya, na kweli ngazini tukawasikia.

Nilikwenda kwa Jonas. Niliwahi kufikiri kukiri kosa kunamwondolea mtu mzigo, ni uongo mtupu. Aligeuka mwekundu kama nyanya, kwa sababu na yeye alikuwa na aibu yake, akasema vijitabu vimeshachapwa vyote na vimeshapelekwa madukani, na kwamba, kwa kweli, ni neno moja tu. Neno moja tu! Viko hadi leo. Mwaka jana nilikikuta kimoja kwenye maktaba, jina langu chini yake, na yule msichana wa kulea ambaye historia haikulihifadhi jina lake. Gunnar peke yake alipanda treni akaja Sundbyberg na nakala yake, akaomba kalamu mezani pale, akakata barnflicka kwa mstari mnene na kuandika juu yake storasyster, dada mkubwa, kwa vidole vile vilivyopinda. Kisha akamwomba Mama Feza msamaha kwa niaba ya Sweden yote, naye akamwambia aache upuuzi, ale.

Unaweza kudhani tangu siku ile nilimwita Yaya. Ulimi ulikataa. Kila nilipotaka kulitamka niliona mstari ule wa mbele, makofi yale, nikaishia kusema "samahani" au "eti", nikawa namwita kwa kukohoa, mtu mzima mimi. Yeye hakudai. Lakini Kiswahili cha watu niliacha kukisahihisha, na Mkenya wa kanisani akaniuliza kama naumwa. Mwishoni mwa masika nilipata chumba karibu na chuo. Sanduku langu likiwa ngazini, yeye yuko jikoni anapakua chakula cha watoto, nilisimama kizingitini kama mwizi. "Yaya," nikasema. "Nimekwenda, Yaya." Hakutoka. Kijiko kilisimama kidogo kwenye sufuria. "Haya, mudogo wangu," akaitikia. "Usifunge mulango."

Kwa hiyo kesho yake nilimpigia mchungaji, nikamwambia andika hivi: mdogo wake. Akauliza, kwa mama au kwa baba? Nikamwambia andika tu.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, kanisani kwao, pamejaa hadi ukutani: Wakongo, Warundi, Wakenya, wakunga wa Kiswidi wenye mikongojo, na vijana warefu ambao yeye aliwafundisha kunya kwenye poti. Aliagiza mwenyewe kabla hajafa kwamba ile ya kijivu ipigwe, na asikosekane wa kuipiga. Nilikaa na Neema, ambaye sasa ana kipini puani na anasomea sheria, na Kiswahili chake kimebaki kama nguo ya utotoni, kinamfika kwenye viwiko. Tarumbeta ikatembea. Ikanyamaza. Sauti ya Deo ikajaa kanisa, na nikawaona wazee wote wa Kikongo wanainamisha vichwa kwa pamoja, kwa kuwa wao hawakuhitaji mfasiri.

Neema akaniegemea sikioni. "Anasema nini?" akauliza kwa Kiswidi. "Yaya nimelisikia. Baridi nimelisikia. Hilo la katikati ndilo silipati."

Safari hii sikufanya haraka. "Unifungulie," nikamwambia. "Anamwomba dada yake mkubwa amfungulie mlango."

"Na alimfungulia?"

"Hapana. Siku ile hakumfungulia."

Akanitazama kama nimemtukania marehemu mbele ya jeneza. "Yaya? Yaya wetu?" akasema, na safari hii akaacha Kiswidi, akajikongoja na Kiswahili chake kifupi ili nimsikie vizuri. "Lakini mlango ya Yaya haikufungwa. Hata siku moja."

"Ndiyo maana," nikamwambia.